Koti Fupi la Chumba Namba Mbili

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, saa mbili kasorobo asubuhi, Lyle Haugstad na mkewe Corrine waliegesha pikapu yao mbele ya zahanati ya askari wa zamani ya Bascom, mji mdogo wa mashamba kaskazini mwa Marekani. Miadi ya Lyle ilikuwa saa mbili kamili. Wengine wa saa mbili walikuwa wameshafika wote, kwa sababu jeshini anayefika saa iliyotajwa amechelewa, na mazoea hayo hayamtoki mtu hata baada ya mgongo kuharibika. Viti vyote kumi na viwili vilikuwa na watu. Kahawa ilikuwa imeshachemka. Juu ya dirisha yalikuwa bado yanasomeka maandishi yaliyofifia ya duka la viatu lililokuwa humo zamani.

Daktari hakuwapo. Hakuwapo kwa miaka miwili na miezi minne, tangu yule wa mwisho alipohamia Arizona kwa ajili ya magoti ya mkewe. Kompyuta iliendelea kutoa miadi kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, na watu waliendelea kuja kwa sababu wamepewa miadi. Nesi, Rhoda Schimke, mwanamke mnene mwenye mikono baridi, aliwapima presha na uzito, akawauliza wanalalaje, akaandika, akawaambia warudi baada ya miezi mitatu.

Lyle alikuwa na miaka arobaini na tisa na kikohozi. Alikuwa amekaa Iraki miezi kumi na minne, hema lake likiwa hatua mia mbili kutoka shimo la kuchomea taka. Humo ziliteketezwa tairi, betri, plastiki, dawa zilizopitwa na wakati, na kila kitu ambacho jeshi halikutaka kurudi nacho nyumbani. Sasa, akikohoa asubuhi, kitambaa kilitoka na rangi ya kutu. Mtaalamu wa mapafu alikuwapo mjini, mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari, lakini alitaka barua ya rufaa yenye sahihi ya daktari wa Bascom. Corrine alishapiga simu mjini mara tisa, na mara zote tisa aliambiwa kwa upole aende kwanza kwa daktari wao. Siku moja walikwenda wenyewe chumba cha dharura. Wakapewa chupa ya dawa ya kikohozi na karatasi iliyosema amwone daktari wake. Hospitali za watu binafsi zilikuwa za wenye bima, na bima ya Lyle ilikuwa ni hii zahanati.

Saa mbili na dakika tano koti likaingia.

Lilikuwa koti jeupe la udaktari, jipya, bado lina mikunjo ya kiwandani, na ndani yake hapakuwa na mtu. Lilisimama wima kwa kimo cha mtu wa wastani, mpira wa kusikilizia moyo ukining'inia kwenye ukosi. Mzee Odell Bratvold, aliyepigana Vietnam na ambaye hukaa karibu na mlango kwa sababu ya mguu wake, alilishikia mlango mpaka likapita, kwa vile upepo wa siku ile ulitoka Kanada na ungeweza kulichukua.

"Umechelewa, dogo," akaliambia. "Hapa saa mbili huwa saa mbili kasorobo."

Koti likainamisha ukosi kidogo, kama mtu anayeomba radhi.

Rhoda alitoa barua iliyokuwa kwenye mfuko wa kifuani akaisoma. Ilitoka chuo cha udaktari cha jimbo. Ilieleza kwamba Bunge limetenga fedha kwa vyuo vya udaktari ili viongeze wanafunzi, na wanafunzi hao wakishahitimu wawatibu askari wa zamani, ambao hawana madaktari wa kutosha. Fedha za mwaka wa kwanza zilitakiwa ziwe zimetumika kabla ya tarehe thelathini Septemba, la sivyo zirudishwe. Kwa muda huo walimu hawakuweza kupatikana, wala madarasa hayakuweza kujengwa. Makoti yaliweza kupatikana. Chuo kikanunua makoti thelathini kwa ajili ya wanafunzi thelathini watakaokuja, na kwa kuwa kila mwaka kuna sherehe ya kuwavisha wanafunzi wapya makoti na kuwaapisha, sherehe ikafanyika. Makoti yaliwekwa kwenye viti thelathini ukumbini. Mkuu wa chuo akasoma kiapo, mpiga picha akapiga picha, keki ikakatwa. Makoti yalipokwisha kuapishwa yakasimama, yakatoka, kila moja likaenda mahali sheria ilipolipangia.

Rhoda aliikunja barua. Akalionyesha koti chumba namba mbili, mahali pa glavu, na choo, kwa mazoea tu.

Siku hiyo liliona wagonjwa kumi na mmoja. Lyle alikuwa wa tatu. Alivua shati, akakaa kitandani juu ya ile karatasi inayokwaruza, na koti likamsikiliza mgongoni kwa muda mrefu. Baadaye alimwambia Corrine kwamba nguo ile ilikuwa na joto kama imetoka kupigwa pasi, na kwamba tangu arudi kutoka Iraki hakuna mtu aliyekaa kimya hivyo kwa ajili yake. Likamsikiliza tena upande wa kushoto, chini. Kisha likashika kalamu kwa ncha ya mkono wa nguo, likaandika kwa herufi ndogo zilizosimama vizuri: pafu la kushoto, chini, apigwe picha wiki hii, apelekwe mjini upesi.

Rhoda alisoma, akasema na yeye angeandika hivyohivyo, kama angekuwa na ruhusa ya kuandika. Akaituma ofisi ya mkoa, inayosimamia zahanati za askari.

Ofisi ilijibu baada ya siku kumi na nane. Ilisema maelezo yamepangwa vizuri na inaelekea koti lina kipaji. Tatizo lilikuwa urefu. Koti linaloishia nyongani ni koti la mwanafunzi, na mwanafunzi hatii sahihi rufaa. Sahihi ni ya koti refu, linalofika magotini. Pindo hurefuka kadiri mwenyewe anavyosoma: miaka minne ya chuo, mitatu ya kujifunza kazini. Wakalitakia koti masomo mema.

Rhoda alichukua futi ya fundi cherehani akapima. Kutoka pindo hadi palipostahili kuwa goti zilikuwa inchi kumi na nne. Tangu siku hiyo alilipima kila mwisho wa mwezi, akaandika kwenye kalenda yenye picha za matrekta. Oktoba liliongezeka unene wa sarafu. Novemba, unene wa sarafu. Wale waliokuwa wakingoja walizoea kuulizia pindo kabla ya kuulizia hali ya hewa. Mzee Odell alianza kuliletea karoti kutoka stoo yake ya chini ya nyumba.

"Kula, dogo, ukue," akaliambia. "Mimi nina muda. Huyu Haugstad ndiye mwenye haraka."

"Mwache mtoto asome, mzee," Lyle akasema, na watu wakacheka, naye akacheka mpaka kikohozi kikamshika na Corrine akalazimika kumsimamisha.

Hadi hapo Lyle alikuwa ameshaacha kuendesha lori la viazi vya kutengenezea sukari. Msimu wa mavuno, malori huenda usiku na mchana, na mwenye lori alisema hawezi kumweka barabarani mtu anayefumba macho akikohoa. Hakuwa na ubaya. Alimpelekea Corrine nusu ya ng'ombe kwa ajili ya friza. Wanawake wa kanisa la Walutheri walileta mabakuli ya oveni ya viazi na nyama ya kusaga, kila moja na jina la mwenyewe kwenye kipande cha plasta chini yake, ili likiisha lirudi kwake.

Wiki moja kabla ya Krismasi mbunge wa eneo alikuja kuliona koti. Alikuja na vijana wawili wa ofisini kwake na mpiga picha. Rhoda alioka biskuti za tangawizi. Mbunge alilishika koti mkono wa nguo akautikisa, akasema upungufu wa madaktari Bascom umeanza kuwa historia. Lyle aliombwa asimame kushoto kwa koti kama mfano wa waliofaidika. Corrine alikuwa amempigia pasi shati la bluu, ambalo sasa lilimpwaya shingoni. Katikati ya hotuba Lyle alikohoa. Mbunge akanyamaza, mpiga picha akashusha kamera, wote wakangoja kwa adabu mpaka amalize.

"Samahani, afande," Lyle akasema. "Koti hili ni zuri. Ila haliruhusiwi kutia sahihi."

"Najua, ndugu yangu," mbunge akasema. Alikuwa mtu msikivu, na aliitazama leso iliyokuwa mkononi mwa Lyle. "Ndiyo maana tumeomba fedha za awamu ya pili."

Picha ilitoka gazetini siku ya Alhamisi. Ofisi ya mkoa, ilipoiona, ikatazama orodha yake na kukuta kweli, koti limeripoti kazini Bascom tangu Oktoba na halijakosa hata siku moja. Nafasi ya daktari ikaandikwa kwamba imejazwa, na tangazo la kazi likaondolewa. Wiki ya kwanza ya Januari daktari mmoja mwanamke wa mji wa Duluth alipiga simu. Alikulia kilomita arobaini kutoka Bascom na alitaka kurudi ili awe karibu na baba yake. Aliuliza kama nafasi bado iko wazi. Akajibiwa kwamba imepata mtu, akashukuru, akakata. Rhoda alizipata habari hizo kwa baba wa yule daktari, aliyekuja kupimwa presha. Presha ilikuwa juu.

Rhoda alimweleza Corrine wakiwa kwenye maegesho ya magari, mashine ya kuondoa theluji ikinguruma nyuma yao. Corrine aliuliza swali moja tu: kama ofisi ya mkoa hutazama pindo au hutazama vyeti. Rhoda alifikiri. Akasema kwa jinsi anavyowajua, hutazama pindo.

Jumapili baada ya ibada Rhoda alimpa ufunguo wa zahanati bila kumwuliza wa nini. Corrine alilichukua koti, akalikalisha pikapu kiti cha mbele na kulifunga mkanda, akaenda nalo nyumbani.

Corrine alikuwa fundi. Kila mwaka yeye na wenzake kanisani hushona mablanketi ya viraka kwa askari wanaorudi, na wakati mwingine kwa askari wanaokufa. Alikuwa na kitambaa cheupe cha pamba, kizito, alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kitu cha maana. Koti lilisimama katikati ya chumba cha cherehani. Akapiga magoti mbele yake, pini mdomoni.

"Geuka kidogo, mwanangu," alisema, nalo likageuka. "Inyooshe mikono. Sasa teremsha. Je, inakuchoma?"

Haikuonekana kulichoma. Lyle alikuwa mlangoni kwenye kiti chake cha kulalia, kilichokuwa kimesogezwa huko kwa sababu chumba kile kina jua mchana. Aliangalia kazi yote, hewa ikiingia na kutoka kifuani mwake kwa mlio wa mlango wenye kutu.

"Upande wa kushoto umeacha mrefu," akasema.

"Umeanza lini kushona wewe?"

"Sishoni. Nina macho."

Corrine alipima. Ulikuwa mrefu kwa robo inchi. Akaufumua akaushona upya. Ilipofika jioni koti lilifika magotini, mshono ukiwa mwembamba kiasi kwamba ni lazima uutafute kwa kidole.

Jumatatu saa mbili kasorobo Rhoda, Corrine na Lyle walikuwa na koti katika chumba namba mbili. Barua ya rufaa koti lilikuwa limeiandika lenyewe, na ilikuwa nzuri, fupi, kila neno mahali pake. Palibaki mstari mmoja chini. Rhoda aliilaza juu ya meza akalipa koti kalamu.

Koti lilipeleka kalamu kwenye mstari. Likaishikilia juu ya karatasi. Likairudisha mezani. Rhoda alisogeza karatasi karibu. Koti likaichukua kalamu mara ya pili, likainama zaidi, na kile kitambaa kipya kikaning'inia chini bila kujongea, maana hakikuwa kimesoma chochote. Likairudisha. Mara ya tatu lilikaa muda mrefu sana.

"Tafadhali," Corrine akasema.

Koti liliweka kalamu chini, taratibu, sambamba na ukingo wa karatasi.

"Liache, Corrine," Lyle akasema. "Limeapa."

"Hata wewe uliapa."

"Ndiyo. Niliapa."

"Na ulipoapa wewe, Lyle, nani aliapa kwako?"

Lyle alifunga vifungo vya shati lake kuanzia chini, kama anavyofanya siku zote. Koti lilinyoosha mkono wa nguo likauweka juu ya bega la Corrine, naye akauacha hapo kwa muda. Kisha akatoa mkasi mdogo mkobani, akapiga magoti sakafuni, akaanza kufumua. Ilimchukua dakika ishirini. Rhoda alitoka nje kuwaambia wa saa mbili na nusu kwamba watachelewa kidogo, na mzee Odell akasema hakuna neno, wao hawana pa kwenda.

Tangu wiki hiyo koti lilianza kwenda nyumbani kwa Haugstad kila Alhamisi, siku ambayo kazi iliisha saa nane mchana. Hakuna kanuni iliyolituma. Lilikwenda kwa miguu, kama ni sawa kusema hivyo, maili moja na nusu kando ya barabara, na madereva wakawa wanapunguza mwendo ili wasilirushie theluji chafu. Lilikaa karibu na Lyle likamsikiliza pafu la kushoto, halafu la kulia, halafu likakaa tu. Lyle alilisimulia habari ambazo Corrine hakuwahi kuzisikia. Alilieleza rangi ya moshi wa lile shimo, jinsi ulivyokuwa mweusi asubuhi na kijani kidogo mchana siku wanazochoma betri, na jinsi wao vijana walivyokuwa wakiota moto wake nyakati za baridi, wakisimama upande upepo unakokwenda kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Corrine alisikia akiwa jikoni. Hakufungua bomba mpaka walipomaliza.

Februari Corrine alimpigia simu mtu wa ofisi ya mkoa, akamwuliza kama wanaweza kumtuma daktari mwenye koti refu Bascom kwa siku moja tu, hata kwa saa moja. Mtu yule alikuwa na sauti ya kijana na alionekana kusikitika kwelikweli. Alisema madaktari wa kuzunguka hupelekwa kwenye zahanati zisizo na daktari, na Bascom kwa sasa haimo. Akamwuliza kama kuna lingine anaweza kumsaidia. Corrine akasema hapana.

Alhamisi ya tarehe saba Machi, saa kumi na moja, koti halikuondoka. Kwa kawaida saa kumi na moja huondoka. Corrine alilitazama, akaelewa, akazima redio, akavuta kiti. Lyle alikufa saa kumi na mbili kasoro dakika tano, jua likiwa bado juu ya ghala la nafaka. Alikuwa amemshika Corrine mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika nguo.

Siku ya mazishi wanajeshi wawili vijana walikuja kutoka mbali kumkunjia Corrine bendera ya jeneza, wakamwambia maneno yaliyopangwa, na mmoja wao, msichana, akayasema vizuri sana. Katika ukumbi wa chini ya kanisa palikuwa na mikate yenye nyama ya nguruwe na kahawa. Koti lilikaa safu ya mwisho wakati wa ibada na baadaye likasaidia kukunja vitambaa vya meza.

Jumatatu Rhoda alilipima, ingawa haikuwa mwisho wa mwezi. Lilikuwa limeongezeka inchi nzima tangu mwisho wa Februari. Alipima tena, akapata vilevile.

"Ndivyo wanavyojifunza," alimwambia mzee Odell, akaandika kwenye kalenda.

Mzee Odell alilitazama pindo, halafu akatazama watu waliokaa kwenye viti kumi na viwili, mmoja baada ya mwingine, kama anayehesabu inchi zilizobaki.

Mwezi wa Mei, mashamba yakiwa yameshapandwa, Corrine alipata bahasha yenye jina la Lyle. Ndani yake kulikuwa na fomu ya maoni kwa askari waliohudumiwa katika miezi sita iliyopita, na bahasha nyingine ya kurudishia, stempu tayari. Alikaa nayo mezani. Aliwaza kuitupa, lakini Lyle hakuwa mtu wa kuacha fomu wazi. Akachukua kalamu, akajibu kwa niaba yake.

Je, zahanati ilikuwa safi? Akaweka alama kwenye ndiyo. Je, ulipokewa kwa heshima? Ndiyo. Je, daktari alikupa muda wa kutosha? Alisimama kidogo hapo, akaweka alama ndiyo, maana palikuwa hakuna kisanduku kingine kilicho karibu zaidi na ukweli. Je, ungempendekeza daktari huyu kwa askari mwenzako? Ndiyo.

Chini kabisa palikuwa na mistari minne ya maelezo mengine, ukipenda. Corrine aliijaza yote minne kwa mwandiko mdogo, akaendelea pembeni mwa karatasi, akaigeuza akaandika na nyuma. Aliandika kuhusu pafu, barua, daktari wa Duluth, na rangi ya moshi. Aliandika tarehe. Akailamba bahasha, akaipeleka barabarani kwenye sanduku la barua, akainua kile kibendera chekundu ili mtu wa posta asimame.

Fomu zile husomwa na mashine, na mashine husoma visanduku tu. Mwezi wa Juni ofisi ya mkoa ilituma Bascom cheti cha huduma bora, na Rhoda akakitundika chumba namba mbili, juu ya mizani.